Jiko la Malkia Nililolitunga Mwenyewe

Vijana, mmenijazia simu ujumbe. Kila wiki kuna anayeandika: shikamoo dada, tumesikia umestaafu kuongoza wageni, tupe mbinu mbili tatu, tunaanza kazi mwezi ujao. Marahaba. Ila nina miaka thelathini na moja, na wengine mnaoniamkia mna ndevu, kwa hiyo hiyo shikamoo naipokea kwa shingo upande. Na sijastaafu kwa keki na picha ya pamoja. Baada ya miaka saba niliondoka nikiwa na sare ya kampuni mwilini, nikaivua njiani, nikafika nyumbani Ngarenaro nimejifunga khanga ya kubebea mtoto. Nina hasira mpaka leo. Mbinu nitawapa, lakini mtazipokea pamoja na hasira, sijui kuzitenganisha.

Tuanze na viatu, maana chuoni hamtafundishwa. Usipande na buti mpya. Siku yangu ya kwanza nilipanda na buti za mume wangu, nimejaza soksi tatu tatu, na tulipofika juu kwenye magofu vidole vilikuwa vinawaka moto. Nikazivua. Mgeni mmoja akaniuliza kwa nini niko peku. Badala ya kusema buti zinanibana, nikasema hivi ndivyo tunavyoingia ikulu ya mfalme, kwa heshima. Wakavua wote. Kulikuwa na mzee wa watu ana miguu laini kama ya mtoto mchanga, akatembea juu ya changarawe saa nzima anatabasamu huku machozi yanamtoka. Nilidhani mambo yameishia hapo. Wiki iliyofuata nikakuta wenzangu wote wanawavua wageni viatu, na miezi sita baadaye ikawa imeandikwa kwenye karatasi ya kampuni: wageni huombwa kuingia peku, kama ilivyo desturi ya kale. Desturi ya kale ilikuwa malengelenge yangu.

Nilicheka sana wakati ule. Cheka na wewe, halafu uikumbuke.

Mbinu nyingine. Ukisimama kueleza, wewe ndiye ulitazame jua, mgeni aligeuzie mgongo. Kunja uso wewe. Hesabu watu kabla ya kuvuka ule mfereji mkavu na baada ya kuuvuka, kwa sababu lazima kuna mmoja atabaki nyuma anapiga picha kinyonga. Mlima uoneshe asubuhi, ukisema tutauona tukirudi utakuwa umeshajifunika mawingu na utaonekana mwongo. Na wadada mtakaorudi kazini mna watoto wachanga: mimi nilikuwa nabeba Glory wangu mgongoni tangu ana miezi minne, na ukuta mrefu kuliko wote pale ndio nilikuwa nanyonyeshea nyuma yake. Wageni niliwaambia huko kuna nyoka. Hakuna aliyenifuata hata siku moja.

Mahali penyewe mnapajua, jina sitataja. Ni juu ya Kikatiti, upande wa mlima, unapita migomba na kahawa za watu mpaka unatokea kwenye uwanda wenye kuta za mawe zilizobomoka, nyingi zinaishia magotini. Njiani kuna kibao: Mji Mkuu wa Kale wa Wafalme.

Aliyenifundisha kazi ni Kaka Elia, ambaye alianza kuongoza wageni pale kabla ya sisi wote. Sijaona mtu anajua kuongea kama yule. Jiwe moja anakueleza nusu saa na hutaki amalize. Sheria yake ilikuwa moja tu, na alinipa siku ya pili, nilipomjibu mgeni kwamba sijui. Alinivuta pembeni akaniambia, "Naomi, mgeni hajapanda ndege mbili kuja kusikia neno sijui." Tangu siku hiyo neno hilo nililifuta kinywani.

Yeye mwenyewe alinisimulia jinsi mji ulivyozaliwa. Zamani alikuwa anapitisha wageni pale kwenda kwenye maporomoko ya maji, wakamuuliza haya mawe ni ya nini, akasema ni boma la mangi, chifu wa zamani. Bosi aliposikia akasema boma halivutii, tuseme ikulu. Fundi wa kibao alipoandika ikulu akaona ubao umebaki mtupu upande mmoja, akauliza aongeze nini, ndipo ukawa mji mkuu. Elia alisimulia huku anacheka mpaka anashika mbavu, na mimi nilicheka. Hatukuona kama ni uongo, tuliona ni kazi. Mara moja mgeni aliokota kipande cha kikombe cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa bluu, cha aina ambayo Bibi yangu anayo kabatini mpaka leo. Nikamwambia ni bidhaa ambazo wafanyabiashara wa pwani walimletea mfalme. Sikutafuta hata pumzi. Lilitoka tu.

Sasa nifike kwa malkia, maana huyo ni wangu.

Kuna mama mmoja mgeni, mwenye mvi, alinisikiliza asubuhi nzima halafu akauliza wanawake walikuwa wapi. Umetuambia mfalme, askari wa mfalme, ng'ombe wa mfalme. Wanawake je? Nikaangaza macho. Kwenye chumba kimoja kidogo kulikuwa na mafiga matatu, mawe meusi kwa moshi. Nikasema, hapa. Hapa ndipo malkia alipopika chakula cha mfalme kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuogopa sumu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuwasha moto huu. Yule mama akalia. Na mimi, niliyekuwa na mtoto mgongoni na matiti yanauma, nikajisikia fahari, kama nimewatendea haki wanawake wote wa Meru.

Haukupita mwezi kila kijana wa kampuni alikuwa na malkia. Elia akaongeza kwamba alitoka Uchagani, ndiyo maana alijua kutengeneza mbege, pombe ya ndizi. Bosi akanirekodi video nimesimama juu ya mafiga, naeleza kwa mikono. Ilisambaa. Mpaka fundi wangu wa nywele aliniita mama malkia.

Nyuma ya mafiga kulikuwa na masale, mashina matano, yamepandwa kwa duara. Kwa msiokulia mlimani: masale kwetu ni mpaka wa shamba, ni jani la kuombea msamaha, na hupandwa kaburini. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Mimi niliwaambia wageni ni bustani ya malkia, na nilikuwa nakata majani, namkabidhi kila mmoja moja kama ukumbusho. Kwa miaka miwili. Masale hayaoti kwa duara yenyewe, lazima kuna mkono uliyapanda. Hilo nililijua, na sikuuliza ni mkono wa nani.

Bosi akaja na wazo. Wageni wanataka picha, tutafute mwanamke mzee akae jikoni kwa malkia, avae kizamani, ashike kibuyu. Nikasema ninaye. Bibi yangu, mama wa mama, anaishi Kikatiti, ana miaka tisini na kitu na hicho kitu hakuna anayekijua. Nilidhani ni raha kwake. Atapanda gari, atakunywa soda, ataona mjukuu wake anavyoheshimika. Bibi aliuliza jambo moja tu, kama atarudi kabla kuku hawajaingia bandani.

Ndani ya gari alikuwa na maneno. Alimuuliza dereva kama amebeba jeneza, mbona anaendesha taratibu hivyo. Tukapita migomba, tukapita kahawa, akanyamaza. Nilidhani amesinzia. Tulipofika kwenye mfereji akashuka bila kusubiri mkono wa mtu, akaniuliza kanisa lilikuwa upande upi.

Nikamwambia hapajawahi kuwa na kanisa hapa, Bibi, hapa ni ikulu.

Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Akaanza kutembea. Fimbo yake inagonga chini na midomo inahesabu hatua. Wageni kumi na wawili waliokuwa wanatusubiri wakamfuata na simu zao juu, wakidhani onyesho limeanza. Akapita baraza la mfalme akasema kwa Kimeru, hapa kwa fundi cherehani. Akapita ghala la silaha akasema, hapa kwa yule mama mwenye ng'ombe wa jicho moja. Mgeni mmoja akaniuliza bibi anasema nini.

Na sikilizeni vizuri nilichofanya, kwa sababu hii ndiyo sababu naandika. Nilitafsiri. Nikasema, anasema hapa alikaa waziri wa mfalme. Bibi yangu wa damu yuko mbele yangu ananionesha nyumba za majirani zake, na mdomo wangu unaendelea na kazi kama redio iliyosahauliwa.

Akaingia jikoni kwa malkia. Akaweka kiganja ukutani. Akasema ukuta huu ni wa babu yako, alikuwa anashika nyundo mkono wa kushoto, tazama mawe yanavyolalia. Babu alikuwa fundi mawe wa kanisa, hilo tulilijua sote. Hatukujua kanisa lipi. Nyumbani tulijua tu kwamba enzi za mkoloni watu walihamishwa, ardhi akapewa mzungu, na Bibi akiulizwa ananyoosha kidevu kuelekea mlimani na kusema tulitoka kule. Nilikulia chini ya kidevu hicho. Sikuwahi kuuliza kule ni wapi.

Kisha akazunguka mafiga, akaona vikonyo vya majani yaliyokatwa. Mimi nimesimama nyuma yake na majani kumi na mawili mkononi, niliyoyakata asubuhi ile ile kabla sijashuka kumchukua.

"Nani amekata masale ya mtoto wangu?"

Tulijua Bibi alizaa watoto watano. Walikuwa sita. Wa kwanza alikuwa mchanga, ameanza tu kuketi mwenyewe, akashikwa na homa, wakamzika nyuma ya jiko kama watu wetu wanavyozika, nyumbani. Kabla wiki haijaisha malori yakaja. Waliambiwa wabebe kinachobebeka, na nyumba zikachomwa wakiwa wanatazama. Babu alikusudia kurudi kumchukua. Hakuruhusiwa kurudi, na baadaye akafa. Bibi aliyasema hayo yote kwa maneno machache kuliko haya, akiwa ameinama, anapapasa mashina.

Pale pale, juu ya duara lile, wageni walikuwa wanaruka ili wapigwe picha wakiwa hewani, na mimi ndiye nilikuwa nawahesabia moja, mbili, tatu. Pale pale Glory alijifunza kusimama, kashikilia masale yale yale, na nikampigia makofi.

Mgeni akauliza tena amesema nini. Niliinama nikayaweka yale majani kumi na mawili chini, penye mashina.

Kesho yake nilikwenda ofisini mjini, Glory mgongoni. Nilidhani nitamkuta bosi amepata habari na aibu imemshika. Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza, kashika kidevu, na uso wake ukaanza kuchangamka polepole, nikauona unachangamka, na bado sikuelewa.

"Hii ni nzuri kuliko ya kwanza," alisema. "Mtoto tumfanye mwana wa mfalme. Bibi atakuwa anakaa pale anasimulia mwenyewe."

Akaendelea kuniambia kwamba jukwaa la wageni kusimama wakipigwa picha litajengwa palepale kama lilivyopangwa, saruji imeshapanda mlimani, mafundi wanaanza kuchimba msingi Jumatatu. Palepale ni kwenye masale. Nilimwambia neno ambalo siliandiki hapa, mama zenu wanasoma. Nikatoka. Vifungo vya sare nilianza kuvifungua kwenye ngazi.

Tulikwenda kwa mshili, ndiye kiongozi wa ukoo wetu, na mshili akaita kikao Jumamosi kwenye banda la kukobolea kahawa. Bosi alikuja kwa adabu zote, akasalimia wazee mmoja mmoja. Ilipofika zamu yake hakubisha. Alitoa simu tu, akafungulia sauti mpaka mwisho. Sauti yangu ikajaa banda zima: hapa ndipo malkia alipopika chakula cha mfalme kwa mikono yake mwenyewe.

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka wakanigeukia.

Mshili akauliza kama huyo ni mimi. Nikasema ni mimi. Akauliza, "Ulikuwa unadanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Nikasema siku ile. Akasema sawa, na mimi nitajuaje? Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Ushahidi pekee uliokuwepo kuhusu jiko lile ulikuwa sauti yangu, na sauti yangu ilikuwa upande wa bosi. Vijana wa kampuni walikaa mstari wa nyuma, niliowafundisha mwenyewe, niliowaambia ligeuzie jua mgongo wa mgeni. Wakatazama viatu vyao. Siwalaumu sana, ni kazi yao. Mmoja tu namlaumu, aliyesema dada Naomi amefukuzwa ndiyo maana anatafuta kaburi.

Mzee mmoja akapendekeza pachimbwe kidogo tu. Ikionekana mifupa, ubishi umekwisha. Watu wengi wakaona ni busara. Nitasema ukweli, hata mimi moyoni niliona ni busara. Nilitaka ionekane.

Bibi akasimama. "Mtoto wangu hachimbuliwi ili Naomi aonekane mkweli."

Akakaa. Hakuna aliyetaja tena kuchimba.

Mshili akamgeukia Kaka Elia. Akamwambia wewe ndiye uliyeanza kuleta watu pale, tuambie, unamjua malkia huyo? Elia alisimama, akaanza, akaacha, mtu ambaye sijawahi kumwona anatafuta neno. Mwisho akasema, "Sijui." Akasema hajui mfalme wala malkia. Anachojua ni kwamba alipokuwa anachunga mbuzi baba yake alimkataza kuwapeleka kwenye zile kuta, hakumwambia sababu na yeye hakuuliza. Akakaa, akashika kichwa. Kazi yake iliishia kwenye sentensi hiyo na aliijua wakati anaisema. Vijana, huyo ndiye mwalimu wangu, na siku ile ndipo nilipomheshimu.

Ndipo mshili akamuuliza Bibi mtoto aliitwa nani, maana mtoto aliyepewa jina ameshahesabiwa kwenye ukoo na ana haki ya mahali pake. Bibi akatazama banda zima. Akatazama simu zilizokuwa juu zinarekodi. Akanitazama mimi. Akamwashiria mshili asogee, akamwambia sikioni.

Mshili aliponyooka alirudi kitini kwake. Kisha akaamua: jukwaa lijengwe ng'ambo ya mfereji, na atakayegusa masale yale ajibu mbele ya ukoo. Kuhusu mawe mengine yaliyobaki, alisema, hayo bosi ataendelea nayo mpaka bibi wa mtu mwingine atakapokuja.

Bosi alikubali palepale. Hakupoteza kitu. Kibao kipo. Malkia yupo, mmoja wenu amenitumia maelezo aliyopewa kukariri na ni maneno yangu neno kwa neno, hata pumzi nilipovuta. Wageni bado wanaingia peku.

Basi mbinu yangu ya mwisho, na ndiyo nilitakiwa kuanza nayo kama ningekuwa na akili. Ukiulizwa usichokijua, sema hujui, mgeni hatakufa. Na kabla hujaanza kazi pale, nenda kamuulize bibi yako alitoka wapi, kaa chini usubiri jibu, acha simu mfukoni.

Mimi sasa nashona sare za shule hapa Ngarenaro, na Jumamosi napeleka sukari Kikatiti. Bibi ananipokea vizuri. Anamlisha Glory mpaka mtoto anashindwa kutembea, ananicheka nilivyonenepa. Kwa kuangalia tu huwezi kusema kuna jambo kati yetu. Nimemuuliza jina la mtoto wake mara tatu. Mara mbili za kwanza alijifanya hasikii. Mara ya tatu alikuwa anapukuchua maharage, nikakaa chini tukapukuchua pamoja, nikauliza taratibu.

"Nikikwambia utawapelekea wageni," alisema.

Nikamwambia Bibi, kazi niliacha.

"Najua," akasema, akanisogezea maganda nikayatupe.